Mkanda wa Eliwaza

Mtu wa kwanza kunipiga baada ya kuolewa alikuwa mama mkwe wangu, na nilimrudishia palepale. Alinichapa mdomoni kwa mwiko kwa sababu nilisema neno kwa Kigweno, lugha ya kwetu. Mimi nilizaliwa Kighare, Upare wa kaskazini, nikaolewa huku Upare wa kusini, kwenye kijiji cha mlimani juu ya Kisiwani, na huku walikuwa wakinicheka kila nilipofungua kinywa. Kicheko nakivumilia. Mwiko siuvumilii. Nilimnyang'anya nikampiga nao mpaka ukakatika, na tangu siku hiyo ikajulikana kwamba Gideoni ameoa mwanamke mwenye mkono mwepesi.

Hawakukosea. Muuza ndizi aliyejaribu kunipunja nilimtoa jino. Mwanamume aliyemshika mwanangu kiuno kule mtoni nilimtwanga kwa mchi, akawa anachechemea mpaka mvua za masika. Mwimba kwaya mmoja nilimvua kilemba pamoja na nywele zilizokuwa chini yake, na mchungaji akanitenga na Meza ya Bwana. Wengi wao walistahili, na yule wa mtoni alistahili kuliko alichopata. Ila hasira yenyewe haikuwa ikiniuliza. Ilianzia vidoleni. Vidole vilipata moto, masikio yakaziba, na nilipozinduka palikuwa na mtu chini.

Gideoni, mume wangu, alikuwa seremala na mtu mpole mno. Yeye hakunikemea hata mara moja. Alinishika viganja vyote viwili, akavibana katikati ya viganja vyake, akasubiri mpaka vipoe. Kisha Mwingereza akaingia vitani na Mjapani, vijana wakakusanywa Same, Gideoni akapandishwa gari moshi pamoja nao. Tukasikia yuko Bama. Nikabaki na binti yetu mmoja, Eliwaza, na mikono isiyo na wa kuishika.

Siku ya gulio Kisiwani, mwanamke wa kijijini kwetu aitwaye Rogathe alitangaza mbele za watu kwamba Gideoni ameshaoza huko Bama na mimi nasubiri mzuka. Sikumbuki nilivyomfikia. Nakumbuka nilikuwa nimemkalia kifuani juu ya maharage yake yaliyomwagika, nimeshika kichwa chake na kukigonga ardhini, na watu wananivuta nguo mpaka inachanika. Damu ilikuwa imemtoka puani ikaingia kwenye maharage.

Aliyeniondoa hakunivuta. Alikuwa Bi Mwamvita, mama wa Kiislamu wa hapo Kisiwani aliyeuza chumvi na kambale wakavu. Alichuchumaa mbele yangu, akaninyooshea fungu la nyuzi za pamba.

"Nishikie hizi," alisema. "Mikono yote miwili. Ukiziachia zitaingia mchangani, na nimezisokota tangu mwezi uliopita."

Nikazishika. Sijui kwa nini nilizishika. Labda kwa sababu alinituma kama mtu anavyotumwa nyumbani kwao, bila woga. Rogathe alitambaa akaondoka, na mimi nikabaki nimekaa juu ya maharage, nimenyoosha mikono, nyuzi zimening'inia, sina namna ya kumpiga mtu yeyote. Bi Mwamvita akaendelea kuuza kambale wake mpaka wateja walipopungua, ndipo akazichukua nyuzi zake.

Rogathe alinishtaki, na haki yake. Kwenye baraza mfumwa wetu, yaani mtawala wa kijadi wa pale mlimani, alinigeukia.

"Mama Eliwaza," alisema, "nimechoka kukuona hapa. Ukimpiga mtu mwingine, yeyote yule, nitakupeleka Same kwa Bwana Shauri, yule Mzungu wa wilaya, ukafungwe. Na mtoto atakwenda kwa baba yake mkubwa akae huko. Mtoto ni wa ukoo, hawezi kulelewa na ngumi."

Baba mkubwa mwenyewe alikuwa Sefania, kaka wa Gideoni, naye alikuwa amekaa mbele, mikono juu ya magoti, akitikisa kichwa kwa huzuni ambayo sikuiamini. Sefania alikuwa na watoto wa kiume watupu. Mkewe, Susana, alikuwa amechakazwa kwa kipigo hata ndoo ya maji alishindwa kuipandisha kichwani. Nyumba ile ilihitaji msichana wa kuchota maji, kukata majani ya ng'ombe na kupokea kipigo kilichokuwa kimemzidi Susana, na baadaye angeleta mahari. Niliyaona yote hayo usoni pake. Nikaikalia mikono yangu mpaka baraza likavunjika.

Gulio lililofuata niliteremka kwa Bi Mwamvita.

"Shikamoo, Bi Mwamvita."

"Marahaba. Umekuja kunimwagia kambale?"

"Nimekuja unifundishe zile nyuzi."

Alicheka, akanifundisha. Alikuwa na kitanda cha mfumi, chombo cha kufumia nguo, kidogo hata unaweza kukikunja ukakitia kwapani. Alijifunza kwa bibi yake, aliyeletwa Kisiwani na misafara ya zamani kutoka mbali, akiwa hana kitu isipokuwa ujuzi huo. Ni vijiti tu. Kijiti kimoja unakifunga kwenye nguzo ya nyumba, kingine kinafungwa kiunoni mwako kwa ukanda, na nyuzi za mtande zinanyooka katikati. Ukiegemea nyuma zinakaza, ukiinama zinalegea. Unapitisha uzi wa mshindio, huku juu huku chini, kisha unaugonga kwa ubao mwembamba ukae mahali pake. Ubao wangu niliuchonga mwenyewe kwa mzeituni pori, kwa patasi ya Gideoni, nao ulikuwa mgumu na mzito kuliko ulivyohitajika.

Siku za kwanza nilikata nyuzi tu. Nilikuwa nikimkumbuka Rogathe, au Sefania na kichwa chake kinachotikisika, mgongo ukavuta nyuma wenyewe, na mtande wote ukakatika. Kuunga nyuzi ni kazi ya kuchosha. Nilijifunza upesi kwamba kitanda hiki hakitaki mtu mwenye hasira, na kwamba hakibembelezi. Ukivuta kinakatika, ndiyo habari yake yote. Basi nikaanza kupumua polepole ili nyuzi zisikatike, na nikipumua polepole vidole vilipoa. Sikuwa nimewahi kupoza vidole vyangu bila Gideoni.

Ikawa raha. Sioni aibu kusema hivyo, ingawa wanawake wenzangu waliona ni uvivu. Nilipenda ubao unapogonga uzi, tk, sauti kavu ya kitu kilichokaa sawa. Nilipenda harufu ya pamba na ya magome tuliyochemshia nyuzi ziwe za kahawia. Nilipenda kuona kitambaa kinakuja kuelekea tumboni mwangu, upana wa kiganja, bila haraka, na kujua hakuna aliyeumia kwa ajili yake. Vita vilikuwa vimefanya nguo ziadimike madukani, kwa hiyo akina mama walianza kuja kuniomba mikanda, wakaishona kwa kuipanga upande kwa upande wakapata mbeleko. Hata Rogathe alimtuma mtu. Nilimfumia, na sikuweka upupu.

Eliwaza alikaa pembeni akinipa nyuzi. Alikuwa mtoto mkimya, mwenye macho ya baba yake, na watu walisema heri hakurithi mkono wa mama. Alikuwa na mchezo wake: jioni alifumba macho, akapitisha kidole gumba juu ya kitambaa cha siku hiyo.

"Hapa ulikuwa umekasirika, mama," alisema. "Ni pagumu."

"Hapo baba yako mkubwa alipita."

"Na hapa umepoa."

Alikuwa akipatia kila mara. Nikikasirika niligonga kwa nguvu, na nyuzi zikabanana hata ncha ya sindano isipite. Nikitulia kitambaa kilikuwa laini. Mwaka ule mzima sikumpiga mtu, na nilianza kuamini kwamba Gideoni atarudi atukute wote wawili tuko nyumbani kwake.

Sasa niwaambie kilichotokea siku ya msaragambo. Kwetu, bwawa la kumwagilia, tunaloliita ndiva, ni la watu wote, na likijaa tope pembe hupigwa asubuhi ili kila nyumba itoe mtu kwenda kuzoa. Huo ndio msaragambo, kazi ya pamoja. Asiyekwenda bila sababu hufuatwa nyumbani. Wanakuja kundi zima, wana tope hadi magotini, wanaimba nyimbo za kumsuta, wanachukua kitu: mbuzi, jembe, chungu. Unakikomboa kwa kuwapikia dengelua, ile pombe ya miwa, mnacheka, yanaisha. Mpiga pembe alikuwa Sefania.

Pembe niliisikia. Nilikuwa nimefungwa kwenye kitanda changu, mkanda unakwenda vizuri kuliko wowote niliowahi kufuma, nikajiambia nimalize mstari huu. Nikamaliza, nikaanza mwingine. Jua likaingia mlangoni, likapanda miguuni mwangu, likashuka. Nilipoinua kichwa nilisikia wanaimba, wamekwisha rudi kutoka ndiva, na jina langu liko ndani ya wimbo. Hata nilicheka. Nilijua nimekosa, nikawa tayari nawaza miwa nitaitoa wapi.

Kundi lilibaki uani likiimba. Sefania aliingia peke yake, kwa kuwa ni shemeji na nyumba ya mdogo wake ni kama yake. Alikuwa na panga mkononi, lina matope. Eliwaza alikuwa ameketi kwenye kona ya giza karibu na mtungi, na sidhani Sefania alimwona.

"Shemeji, hukusikia pembe?"

"Nilisikia. Kosa ni langu. Beberu amefungwa nje, mchukue."

"Beberu wa nini," alisema.

Akatazama nguzo, akatazama kiuno changu, kisha akashusha panga katikati ya nyuzi. Nilikuwa nimeegemea nyuma, na mtande ndio ulionishikilia. Ulipokatika nilianguka chali, kisogo kikagonga sakafu. Nilipofumbua macho alikuwa ameniinamia, uso wake karibu na wangu, nje wanaimba kwa nguvu.

"Nipige," alisema taratibu. "Nipige, Yudith. Watu wapo uani."

Hapo nikaelewa kila kitu. Hakuja kuchukua kitanda, wala hakuja kwa ajili ya ndiva. Alikuja kuchukua ngumi yangu moja tu, na kwa ngumi hiyo ampate mtoto. Vidole vyangu vilishika moto. Naapa vilishika moto kuliko siku zote za maisha yangu, na masikio yakaanza kuziba. Nikavishusha tumboni, pale nyuzi zilizokatwa zilipolala, nikaanza kuzisuka. Huku juu, huku chini.

Akanizaba kofi. Huku juu, huku chini. Akanizaba la pili kwa kiganja cha nyuma, mdomo ukapasuka. Alipoona sinyanyuki alinipiga teke ubavuni, nikasikia kitu kimelia ndani yangu na pumzi ikakata. Kisha akaona vidole vyangu vinavyofanya. Akavikanyaga, akasaga kwa kisigino, kama mtu anayezima kijinga cha moto. Nilimtazama usoni, sikupiga kelele, sikuinua mkono. Wimbo wa nje ulikuwa umefika pale wanapopokezana.

Sauti niliyoisikia ilikuwa tk, lakini nzito na yenye maji.

Sefania aliyumba, akashika jicho lake. Ubao wa mzeituni ulimfikia tena, kwenye taya, na meno yake mawili yakaniangukia kifuani. Alipiga magoti. Eliwaza alikuwa ameushika ubao kwa mikono miwili, hana machozi, uso umetulia kabisa, naye alimpiga tena shingoni, na tena begani alipokuwa ameshalala, na tena. Hakuwa anapiga ili aniokoe. Hilo alikuwa amekwisha lifanya. Alikuwa anapiga tu. Niliijua hali hiyo, niliijua kutoka ndani, na ilinitisha kuliko teke la Sefania.

Nilijikokota nikamshika viganja vyote viwili. Nikavibana katikati ya viganja vyangu vilivyosagwa, nikasubiri. Vidole vyake vilikuwa vya moto. Vilipoanza kupoa nilivifungua kimoja kimoja, nikautoa ubao.

"Wewe ulikuwa mtoni," nilimwambia.

"Mama, wewe hukumpiga."

"Najua. Ulikuwa mtoni, umesikia? Chukua kibuyu. Pita nyuma."

Alipita kwenye tundu la kupitishia mbuzi, nyuma ya nyumba, na kibuyu chake. Nami nikatoka mlangoni, ubao mkononi, damu ya Sefania imenirukia na yangu imeninyeshea kidevuni. Wimbo ukakatika.

"Nimempiga," nikasema.

Nilidhani mmoja atauliza. Mdomo wangu ulikuwa umepasuka, vidole vimevimba, na mwaka mzima sikuwa nimemgusa hata kuku. Nilitamani mmoja tu aseme, ngoja kwanza. Hakuna aliyeshangaa. Rogathe alitikisa kichwa, wanaume wakanirukia. Nimepigwa mara nyingi maishani mwangu, na walinipiga vilivyo siku ile, wakanifunga mikono kwa ukanda wa kitanda changu mwenyewe, lakini kule kutoshangaa kwao ndiko kulikoniuma, na kunaniuma hadi leo.

Kwenye baraza Sefania aliletwa amefungwa kitambaa usoni. Jicho la kushoto lilikuwa limekwenda. Mfumwa alimwuliza nani amemfanya hivyo. Alimtazama Eliwaza, aliyekaa na wanawake, kisha akanitazama mimi. Alijua. Alikuwa amemwona mtoto kabla ya pigo la pili, tena vizuri. Lakini mwanamume aliyeangushwa na msichana asiyeota hata matiti angesimamaje tena na pembe mbele ya watu?

"Ni Yudith," alisema.

Eliwaza alinyanyuka. Nilimkata jicho ambalo sijawahi kumkata tangu nimzae. Akakaa.

Basi niliteremshwa Same, nikafungwa, na mtoto akaenda kwa Sefania. Siku zile za mwanzo gerezani nilipigana na kila aliyenisogelea, na nilipokosa mtu nilipigana na ukuta. Nilikuwa nimemtoa mwanangu kwenye kosa nikampeleka kwenye nyumba ya mtu aliyetobolewa jicho na yeye, na nilijiona mjinga wa wajinga wote. Kila nilipofumba macho nilimwona Susana anavyoshindwa kupandisha ndoo.

Bi Mwamvita alikuja kabla ya mvua za vuli. Alikuwa amepanda lori la katani, ana vumbi hadi kwenye kope. Askari alipekua kifurushi chake, akajitwalia kambale wanono, kilichobaki akakisukuma kwangu.

"Mtoto hajambo?" nilimwuliza kabla sijamwamkia.

"Hajambo. Keti."

"Anampiga?"

"Sefania?" Bi Mwamvita alijifuta uso kwa ncha ya kanga. "Sefania hampigi mtu siku hizi. Hata Susana amenenepa. Mtoto akipita nyuma yake na mwiko, mzee mzima anageuka. Amebakiwa na jicho moja, na hilo nalo halifumbi vizuri."

Nilicheka mpaka ubavu ulioteguka ukaniuma, kisha nikalia, naye akaniacha nilie.

"Susana ndiye aliyepika dengelua akakomboa kitanda chako walichokichukua siku ile," alisema. "Hakumwambia mumewe. Alinunua na pamba. Mtoto amekutumia hiki."

Ulikuwa mkanda, upana wa kiganja, wa kahawia, umeviringwa. Nilisubiri mpaka Bi Mwamvita alipoondoka. Nikakaa ukutani, nikafumba macho, nikaufungua kwa kidole gumba.

Mwanzo wake ulikuwa mgumu kama gome. Alikuwa amegonga kwa nguvu zake zote, uzi juu ya uzi, na palikuwa na mafundo mengi ya nyuzi zilizokatika akaziunga. Nilikwenda polepole. Baada ya muda mafundo yalipungua. Kisha ugumu ukaanza kulegea, kidogo hapa, ukarudi, ukalegea tena, mpaka nikafika mahali palipo laini kabisa, na hapo nilipumua, nikajua ndani ya mapigo yale alikuwa ameshika viganja vyake mwenyewe akasubiri.

Nikaendelea. Karibu na mwisho, bila dalili yoyote, kidole changu kiligonga mahali pagumu kama jiwe. Vidole vitatu tu upana wake. Nilirudi nyuma nikapitia tena, kisha tena. Siku hiyo kulitokea kitu katika nyumba ile, na sijawahi kuambiwa ni nini, si na yeye wala Susana. Mimi sikuwepo. Baada ya hapo mkanda ulikuwa laini tena, umenyooka, mpaka uzi wa mwisho.